Jiandae kabla ya mafuriko

Mvua za masika, kuanzia Machi hadi Mei, huleta mafuriko sehemu nyingi za pwani. Maji yanaweza kuingia ndani usiku, watoto wakiwa wamelala. Jiandae mapema:

• Weka kwenye mfuko wa plastiki unaofungwa vizuri kadi ya kliniki ya mtoto, vyeti vya kuzaliwa na dawa zinazotumika kila siku.
• Andaa begi lenye nguo na nepi za mtoto, khanga, tochi, sabuni, pakiti za ORS na maji safi ya kunywa.
• Kubalianeni mtakimbilia wapi penye mwinuko, na nani atambeba mtoto yupi.

Maji yakianza kuingia, ondokeni mara moja. Zima swichi kuu ya umeme ikiwa tu mahali ilipo ni pakavu. Usivuke maji yanayokwenda kasi, hata yakiishia magotini.

Baadaye, chemsha maji ya kunywa. Anayenyonya aendelee kunyonya; maziwa ya mama ni salama. Mtoto akiharisha, mpe ORS. Akilegea, akishindwa kunywa au kinyesi kikiwa na damu, mpeleke kituo cha afya haraka.