Kaboni Mpya, Mota Ileile: Nilichomkosea Senje

Mwaka jana niliweka video ya dakika tatu nikisema hivi: mashine ya kufulia ikigoma kuzunguka, badilisha kaboni, maliza. Hiyo video ilienda mbali kuliko kitu chochote nimewahi kuposti. Leo naandika kuirekebisha, kwa sababu nilisema nusu tu, na nusu niliyoacha ilimgharimu Senje wangu kule Malaba.

Senje ni dadake baba. Anafua mashuka ya malojingi ambako madereva wa malori hulala wakingoja kuvuka. Foleni ikiwa ndefu, Senje anakula. Mashine yake ni mtumba, ya mlango wa mbele. Ilipogoma nilipanda matatu kutoka Busia na kaboni mbili mfukoni, nikazifunga, ngoma ikazunguka. Ilitoa cheche kiasi na harufu kama ya waya wa moto. Nikamwambia, "Senje, hiyo ni kawaida, itaisha." Akaniamini, maana mimi ndiye niliyekuwa chuo, hata kama nilitoka kabla ya kumaliza.

Siku ya tatu mota ilikufa kabisa, na mashuka ya lojingi mbili yakiwa ndani ya maji.

Nilianza kusoma baada ya hapo, na nikajikuta kwenye historia. Kwanza, umewahi kujiuliza kwa nini hicho kipande cheusi kinaitwa brashi na hakina unywele hata mmoja? Ni kwa sababu zamani kilikuwa nazo. Mashine za umeme za karne ya 19 zilitumia nyuzi za shaba zilizofungwa pamoja, zikisugua ile silinda ya shaba yenye vipande-vipande ambayo mafundi huiita komyuteta. Shaba kwa shaba! Cheche zilikuwa nyingi, na komyuteta ililiwa haraka. Mwaka 1885 Mskoti mmoja, George Forbes, alichukua hataza ya kutumia kaboni badala ya nyuzi. Mwaka 1888 Charles Van Depoele akaitia kaboni kwenye mota za tramu kule Marekani, na kazi ikaonekana. Nyuzi zikaenda, jina likabaki.

Uzuri wa kaboni ni kwamba ni laini kuliko shaba, kwa hiyo inakubali kuliwa yenyewe ili komyuteta ipone. Tena haipitishi umeme kwa wepesi kama shaba, na huo uzito wake ndio unaopunguza cheche wakati brashi inavuka kutoka kipande kimoja kwenda kingine. Hapo ndipo video yangu ilipotoboka. Nilizungumza kana kwamba kaboni ndiyo ugonjwa, wakati ni kitu kilichowekwa kife kwanza. Ukichelewa kuibadilisha, kinachofuata kuumia ni shaba, na ukiweka kaboni mpya juu ya shaba iliyochimbika umemvalisha mgonjwa shati safi tu.

Ya Senje ilikuwa imechimbika. Ningeizungusha rota kwa mkono na kupitisha ukucha juu ya komyuteta ningehisi mitaro. Sikufanya. Kati ya vipande vya shaba kuna mika ya kuvitenganisha, na shaba ikishaliwa mika inabaki juu, kaboni inarukaruka kama boda kwenye barabara ya matuta. Kila mruko ni cheche. Na unga wa kaboni ya zamani ulikuwa umejaa katikati ya vipande, ukipitisha umeme pasipotakiwa.

Sasa, cheche si dhambi zote. Kaboni mpya ina uso bapa na komyuteta ni mviringo, kwa hiyo mwanzoni zinagusana kidogo tu. Endesha mashine bila nguo mara mbili tatu, cheche zinapaswa kupungua. Zikibaki palepale au zikizunguka komyuteta kama pete ya moto, zima, chomoa waya, fungua. Angalia kama kaboni inateleza bila kukwama ndani ya nyumba yake. Nyingine tunazouziwa ni nene kidogo, springi inashindwa kuisukuma. Zibadilishe zote mbili, kamwe si moja.

Na kama mota imekataa kabisa baada ya kuirudisha, au ngoma inashtuka na kusimama, au inakimbia kama imechanganyikiwa, acha kaboni. Nyuma ya mota kuna kisumaku na koili ndogo inayopima kasi. Vile viwaya vyake vyembamba ndivyo tunavyovisahau tukirudisha soketi. Bodi isipojua kasi, haijui ifanye nini. Kama viwaya viko sawa na bado inakimbia, bodi yenyewe inaweza kuwa imeungua.

Halafu kuna wale walioniandikia wakitafuta kaboni za mashine ya matangi mawili. Ndugu zangu, nyingi za hizo hazina kaboni! Zinatumia mota ya aina ambayo Nikola Tesla alipewa hataza zake mwaka huohuo wa 1888, isiyohitaji brashi. Hiyo ikigoma, anza na kapasita.

Senje hakunigombeza. Alifua mashuka kwa mkono hadi usiku wa manane, mimi nikisuuza. Tulipokaa nje alinionyesha taa za upande wa Tororo, akasema babu alikuwa akisimulia vile waya kubwa zilivyopita. Ni kweli. Bwawa la Owen Falls kule Jinja lilifunguliwa 1954, na kufikia 1958 umeme wa Uganda ulikuwa unasafiri kwa waya za kilovolti 132 kutoka Tororo hadi Nairobi. Ulivuka mpaka huku kwetu ukaenda kuwasha jiji, na watu waliokuwa chini ya waya wakaendelea na koroboi kwa miaka mingi. Nyumba ya Senje ilipata stima nikiwa shule ya msingi. Kwa hiyo mtu akiniambia mama wa Malaba "hana haja ya mashine", damu yangu inachemka. Alingoja kizazi kizima, mimi nikaichoma kwa siku tatu.

Mota ya mtumba tuliipata Busia kwa shilingi 6,500. Nilimwambia fundi aifungue mbele yangu, nikapitisha ukucha, akanicheka, akanipa. Nililipa 4,000, Senje 2,500, na bado nadaiwa lojingi moja ambayo imehamia kwa dobi mwingine.

Ile video nimeifuta. Mota iliyoungua iko chini ya kitanda changu. Mnunuzi wa vyuma chakavu ameshauliza mara mbili kuhusu shaba yake, nimemwambia angoje kwanza niipige picha.