Ubao wa Anayeanza Una Ukoo Wake

Familia inayotafuta ubao wake wa kwanza wa kuteleza kwenye wimbi la boti mara nyingi huangukia kosa moja kongwe: hutazama mbao za mabingwa, kisha hutafuta unaofanana nazo kwa bei ya chini. Kosa hilo lina mantiki yake. Katika kazi nyingi mwanagenzi hufuata nyayo za fundi, na zana ya fundi ndiyo inayoaminika. Lakini historia ya mbao za mawimbini, kuanzia visiwa vya Hawaii vya kale hadi maziwa ya Marekani ya leo, inashuhudia jambo jingine. Ubao wa anayeanza haukuwahi kuwa ubao wa bingwa uliopunguzwa ubora. Ulizaliwa mikononi mwa watoto na wasichana, na watu wasio na misuli ya kubeba gogo, ukakua kwa njia yake, na zaidi ya mara moja mabingwa ndio waliokuja kuuazima. Anayeuelewa ukoo huo atanunua vizuri zaidi kuliko anayesoma bei na rangi.

Tuanze Hawaii, ambako kumbukumbu ni nyingi. Kabla meli za James Cook hazijatia nanga huko mwaka 1778, wenyeji walikuwa na mbao za aina kadhaa, na kila aina ilikuwa na watu wake. Olo ndio uliokuwa mrefu kupita zote, ukizidi futi 15, ukichongwa kwa mti mwepesi wa wiliwili, na masimulizi ya visiwani yanauhusisha na machifu. Jumba la makumbusho la Bishop mjini Honolulu linahifadhi mbao mbili za chifu Abner Paki wa karne ya 19, na kila mmoja una uzito unaozidi kilo 60. Alaia ulikuwa mfupi na mwembamba zaidi, wa mti wa koa au mshelisheli, nao ulihitaji ustadi mkubwa kwa sababu haukuwa na pezi na ulielea kidogo tu. Kisha kulikuwa na paipo, kibao cha futi 3 au 4 ambacho mtu alikilalia kwa tumbo au kukipigia magoti. Hicho ndicho kilichokuwa cha watoto. Wasafiri wa Ulaya waliusifu sana ubao wa wanaume waliosimama, na picha zao zimetuzoesha kudhani kwamba huo ndio mchezo wenyewe. Mimi naona paipo ndio uliobeba jamii nzima: hakuna aliyeanza na gogo la kilo 60, na bila kibao cha mtoto pasingekuwa na watu wazima wa kuustahimili olo.

Wala jambo hili si la Pasifiki peke yake. James Edward Alexander, ofisa wa jeshi la Uingereza aliyepita Accra katika miaka ya 1830, alieleza jinsi wavulana walivyoogelea baharini na vibao vyepesi chini ya matumbo yao, wakalisubiri wimbi, kisha wakarudi nalo ufukweni. Mwanahistoria Kevin Dawson, katika kitabu chake cha mwaka 2018 kuhusu utamaduni wa maji wa Waafrika, amekusanya ushahidi wa namna hii kutoka sehemu mbalimbali za Afrika Magharibi. Watoto wale hawakuiga Hawaii, na kwao waliishi na mabingwa wa mawimbi: wavuvi na wapiga kasia walioivusha mitumbwi kwenye mawimbi makali yanayovunjikia ufukoni. Hata hivyo mtoto hakupewa mtumbwi mdogo ili ajifunze. Alipewa kibao, akalala, akalijua wimbi kwa kifua chake kwanza. Pwani mbili zisizojuana zilifikia jibu lilelile kwa sababu tatizo ni lilelile. Mtu mgeni wa wimbi anahitaji kitu kinachomweka juu ya maji bila kumdai usawa wa mwili ambao hajaupata.

Karne ya 20 ilileta uvumbuzi mwingi, na hapa ndipo mtu anaweza kunipinga kwa kusema kwamba maendeleo yote yaliletwa na mafundi waliotafuta kasi. Ni kweli kwa sehemu. Tom Blake, Mmarekani aliyehamia Hawaii, alipata hataza ya ubao wenye uwazi ndani mwaka 1932, na akautumia kushinda mashindano ya mbao zinazosukumwa kwa mikono. Mwaka 1935 huko Waikiki akauchukua mkuku mdogo wa boti kuukuu ya mwendo kasi na kuupachika chini ya ubao wake kama pezi. Kabla ya hapo mtu aliburuta mguu majini ili asiteleze upande. Bob Simmons, aliyefia baharini mwaka 1954, aliyachukua maarifa ya wahandisi wa boti na kuonyesha kwamba umbo pana hunyanyuka juu ya maji kwa kasi ndogo kuliko umbo jembamba. Lakini angalia ni nani aliyefaidika zaidi. Pezi linalouweka ubao katika mstari na upana unaouinua mapema ni neema kwa bingwa. Kwa anayeanza ni tofauti kati ya kusimama na kuzama.

Ushahidi mzito kuliko wote unatoka California mwaka 1947. Fundi Joe Quigg alimtengenezea ubao Darrylin Zanuck, binti wa mtayarishaji wa filamu Darryl F. Zanuck, msichana aliyekuwa anajifunza na aliyetaka kitu anachoweza kukibeba mwenyewe. Mbao nyingi za wakati ule zilikuwa mizigo ya wanaume wenye mabega. Quigg akatumia balsa kwa wingi, akaupinda ukingo, akaweka pezi, na akapata ubao mwepesi mno kwa vipimo vya siku zile. Wanaume wa Malibu wakauazima, na walipoufikisha mawimbini wakaona kwamba unageuka kwa wepesi ambao mbao zao hazikuwa nao. Kutokana na ubao huo na wenzake likaja umbo lililojulikana kwa jina la ufukwe wa Malibu, umbo lililotawala kwa takriban miaka 20. Hapo hakuna njia ya kuzunguka ukweli: ubao wa mwanafunzi ulimfundisha bingwa. Anayedai kwamba ubao rahisi humlemaza mtu na kumfanya mvivu wa kujifunza, na wapo wengi wanaodai hivyo, ana kazi ya kueleza kwa nini wastadi wa Malibu walipigania kuuazima.

Mambo yakageuka tena. Hobie Alter na Gordon Clark walipofaulu kutengeneza mbao za povu gumu mnamo 1958, bei na uzito vilishuka, na filamu ya Gidget ya mwaka 1959 ikawaleta vijana kwa maelfu ufukoni. Kisha, kuanzia mwaka 1967, Bob McTavish na Nat Young wa Australia pamoja na wenzao wakaanza kuzikata mbao. Katika muda wa miaka michache urefu wa kawaida ulishuka kutoka futi zaidi ya 9 hadi chini ya 7. Mabingwa walipata uhuru mpya, nami siwanyimi sifa yao. Ila dukani mgeni alikuta ubao mfupi, mwembamba, usiomsamehe kosa lolote. Tom Morey alikuwa Hawaii mwezi Julai 1971 alipochukua kipande cha povu laini, akakikata kwa kisu cha umeme na kukilainisha kwa pasi akitumia kurasa za gazeti katikati. Kilichotoka ni kibao kifupi cha kulalia, kisichoumiza, kinachobebwa na mtoto kwapani. Bila makelele ya kimapinduzi Morey alikuwa ameurudisha paipo, na kibao chake kikawaingiza baharini watu wengi ambao mbao za mabingwa ziliwafukuza.

Mchezo wa nyuma ya boti una historia fupi zaidi, na ndani yake ndipo hoja yangu inapokutana na pingamizi zito. Ralph Samuelson, kijana wa Lake City, Minnesota, ndiye anayehesabiwa kuwa wa kwanza kuteleza juu ya maji akivutwa na boti, katika Ziwa Pepin mwaka 1922. Alijaribu mapande ya pipa, akajaribu skii za theluji, yote yakamwangusha. Alifaulu alipochonga mbao mbili pana zenye urefu wa futi 8. Mpaka hapo historia iko upande wangu. Lakini mwaka 1985 Tony Finn wa San Diego alitoa Skurfer, ubao uliofanana na wa baharini lakini mdogo, wa kuvutwa na boti. Ulielea sana, na kuelea huko kukawa adha: mtu aliyekaa majini hakuweza kuuzamisha vizuri na kuuweka chini ya miguu yake, hivyo wenye nguvu tu ndio walioinuka. Mwaka 1990 Herb O'Brien akatoa Hyperlite, ubao uliopunguzwa kuelea, na ghafla watu wa kawaida wakaweza kuanza. Je, hilo halithibitishi kwamba ubao mnene si rafiki wa kila mgeni? Linathibitisha jambo la maana zaidi, kwamba urahisi hupimwa kwa kazi inayofanywa. Katika mchezo wa Finn na O'Brien mtu huvutwa na kamba muda wote na kwa kasi kubwa. Nguvu ya kumwinua hutoka kwenye injini, kwa hiyo unene humsumbua. Katika mchezo wa wimbi la boti miguu haifungwi. Mwanafunzi huweka visigino ukingoni, boti ikianza kuvuta ubao hujiinua wenyewe kukutana na nyayo, na akishasimama huiachia kamba na kubaki na wimbi peke yake. Boti hutembea polepole, takriban kilomita 16 hadi 18 kwa saa. Kwa kasi hiyo ndogo, na bila kamba, somo la Simmons linarudi na nguvu zake zote: eneo la ubao ndilo linalombeba mtu. Pia O'Brien alifanya kile alichofanya Quigg. Alimtazama anayeshindwa kusimama, na akaunda ubao kwa ajili yake.

Watu waliteleza nyuma ya boti kwa mbao za baharini tangu katikati ya karne iliyopita, lakini wimbi lilikuwa dogo na la kubahatisha. Kilichobadilisha hali ni boti zenye farumi ya maji ya kuzizamisha tezini, na baadaye mabamba ya kuchonga wimbi upande autakao nahodha, kama Surf Gate iliyotangazwa na Malibu Boats mwaka 2012. Leo wimbi linamfaa mtoto wa miaka 10. Masharti mawili hayana mjadala: propela iwe chini ya boti, mbali na tezi, na asiwepo mtu wa kuning'inia kwenye jukwaa la nyuma huku injini ikiunguruma, kwa sababu hewa ya kaboni monoksidi inayokusanyika hapo imewahi kuua watu katika maziwa ya Marekani.

Katika mbao zinazouzwa kwa ajili ya wimbi hilo mna koo mbili. Moja ni nyembamba, ina pezi dogo, inazunguka kama pia, na ndiyo inayoonekana sana kwenye video za mashindano. Nyingine ni nene na pana, ina mapezi mawili au zaidi, na inasukumwa na wimbi hata mwili ukikosea mahali pa kusimama. Ya pili ndiyo inayotokana na paipo, na ubao wa Darrylin na kibao cha Morey. Swali gumu kwa familia ni ukubwa, kwa kuwa baba anaweza kuwa na kilo 90 na mtoto kilo 30, na hakuna ubao mmoja unaowatosha wote sawasawa. Wengine hushauri kuchukua wastani. Siafiki. Mzito akipewa ubao mdogo huzama nyuma ya wimbi na hatelezi hata mara moja. Mwepesi akipewa ubao mkubwa huteleza, ila anageuka kwa shida. Kasoro ya kwanza inafunga mlango, ya pili inachelewesha tu, na mtoto anaweza kuanza kwa tumbo au magoti, akiwa amevaa jaketi la kuokolea, kama walivyoanza watoto wa Hawaii na Accra. Kwa hiyo ubao wa kwanza ufuate aliye mzito, na kibao cha mtoto kije baadaye, fedha ikiruhusu.

Lipo pia dai kwamba ubao wa wanaoanza utachosha baada ya msimu mmoja na fedha itakuwa imepotea. Ubao wa namna hiyo haupotei katika nyumba yenye watoto na wageni. Kila mwaka kuna mwingine wa kuanza. Unaopotea ni ule wa kibingwa, mwepesi na dhaifu, unaopasuka kwa kugonga gati kabla hata mmoja wa familia hajasimama juu yake. Ukienda dukani, taja uzito wa aliye mzito zaidi nyumbani kwako, kisha omba ubao mpana na mnene wa takriban futi 5, wenye mapezi mawili au zaidi na sponji juu, uliobanwa kwenye kalibu ili uhimili kugongwa. Muuzaji akikuletea ule wa mashindano, mrudishie.