Ng'ambo ya Ziwa: Masomo ya Ugenini ya Vijana wa Masisi, Kutoka Mudende hadi Kiziba

Katika Kiswahili neno ng'ambo lina maana mbili zinazokaa pamoja bila kugombana: upande wa pili wa maji, na nchi za mbali zinazofikiwa kwa kuyavuka maji hayo. Msomaji wa Mombasa au Dar es Salaam akiambiwa kwamba kijana fulani yuko masomoni ng'ambo, mawazo yake huenda London, Moscow au Marekani. Huona bahari, ndege, koti la baridi na barua yenye stempu ya kigeni. Kwa watu wa Karuba, kwenye vilima vilivyo juu ya Sake katika wilaya ya Masisi, Kivu ya Kaskazini, ng'ambo imekuwa karibu zaidi, na kwa sababu hiyohiyo imekuwa chungu zaidi. Ni ng'ambo ya Ziwa Kivu. Vijana wengi wenye asili ya vilima hivyo waliosoma nje ya nchi yao katika miaka thelathini iliyopita hawakupanda ndege. Walivuka mpaka kwa miguu au ndani ya malori, wakiwa watoto, na shule ikawafuata huko walikokimbilia.

Makala haya yanaeleza namna vijana hao walivyosafiri na walivyosoma, pamoja na vyombo walivyotumia kupashana habari na nyumbani. Historia ya wanafunzi wa Kiafrika ughaibuni imeandikwa zaidi kwa kufuata wale waliopata nafasi za serikali na za makanisa. Huyu wa kambini hatajwi sana, kana kwamba ukimbizi humwondolea mtu uanafunzi.

Hapana budi kuanza na suala la ugeni wenyewe, maana Masisi ilikuwa nchi ya kupokea wageni kabla ya kuwa nchi ya kutoa wakimbizi. Kuanzia mwaka 1937 hadi 1955 serikali ya kikoloni ya Wabelgiji iliwahamisha maelfu ya Wanyarwanda kutoka Ruanda, iliyokuwa na msongamano wa watu na njaa za mara kwa mara, ikawapeleka kwenye vilima vya Masisi miongoni mwa Wahunde. Ilihitaji pia vibarua wa mashamba ya walowezi. Baada ya mwaka 1959 wakaongezeka wakimbizi wa Kitutsi waliokuwa wakikimbia machafuko ya Rwanda. Sheria za uraia zilizofuata ziliwarusha watu hawa huku na huko. Sheria ya tarehe 5 Januari 1972 iliwatambua kuwa raia wa Zaire wale waliokuwa wamehamia Kivu kabla ya mwaka 1960. Sheria ya tarehe 29 Juni 1981 ikaufuta utambuzi huo, ikataka mtu athibitishe kwamba ukoo wake ulikuwa wa kabila lililokuwapo nchini tarehe 1 Agosti 1885. Ni nani angeweza kuleta hati ya mwaka 1885 kutoka kilimani Masisi? Kwa kijana aliyetaka kwenda kusoma nje, swali hilo lilikuwa la pasipoti. Bila uraia hakuna pasipoti, na bila pasipoti mwanafunzi ni mtoro tu.

Kabla ya vita, masomo ya juu yalikuwa mbali kwa kila kijana wa Kivu, awe Mhunde, Mnande au Mnyarwanda. Wabelgiji hawakupenda kuwasomesha Wakongo hadi chuo kikuu. Thomas Kanza, Mkongo wa kwanza asiye padri kupata digrii ya chuo kikuu, alihitimu Leuven mwaka 1956 tu, miaka minne kabla ya uhuru. Hata baada ya uhuru, vyuo vikuu vikubwa vilikuwa Kinshasa, Lubumbashi na Kisangani, na kutoka Goma hadi Kinshasa hapakuwa na barabara ya kutegemewa. Kinyume chake, Butare, ambako Chuo Kikuu cha Taifa cha Rwanda kilifunguliwa mwaka 1963, kilifikika kwa gari. Karibu zaidi kulikuwa na Mudende, si mbali na Gisenyi, ambako Waadventista walifungua Chuo Kikuu cha Afrika ya Kati mwaka 1984. Jumuiya ya Kiuchumi ya Nchi za Maziwa Makuu, iliyoundwa mwaka 1976 na Zaire, Rwanda na Burundi, ilikuwa imerahisisha kuvuka mpaka, na kati ya Goma na Gisenyi mtu alipita kwa kijikaratasi chenye mhuri wa siku. Mwanafunzi wa Masisi aliyesoma Rwanda wakati huo angeweza kurudi nyumbani likizo, akala maharagwe ya mama yake na jibini ya Masisi, akarudi darasani bila kuona kwamba amefanya safari ya ajabu.

Hali hiyo iliharibika upesi. Mwezi Machi 1993 mapigano ya kikabila yalianzia sokoni Ntoto, wilayani Walikale, yakaenea Masisi. Mwezi Julai 1994, baada ya mauaji ya kimbari, mamia ya maelfu ya Wahutu wa Rwanda walimiminika Goma, na miongoni mwao walikuwamo askari na wanamgambo waliofanya mauaji hayo. Tarehe 28 Aprili 1995 bunge la mpito la Zaire lilipitisha azimio lililowakana Wanyarwanda wa Kivu kuwa raia. Watutsi wa Masisi walianza kufukuzwa makwao. Mwezi Mei 1996 waliokuwa wamejihifadhi katika monasteri ya Mokoto walishambuliwa humo humo. Walionusurika walivuka kwenda Gisenyi. Waliitwa wakimbizi katika nchi ambayo, kwa mujibu wa wale waliowafukuza, ndiyo iliyokuwa kwao.

Ajabu ya historia ni kwamba wengi wao walipelekwa Mudende, kwenye eneo la chuo kikuu kilekile. Masomo yalikuwa yamekatika tangu Aprili 1994, na chuo kikalazimika kuanza upya Kigali. Pale walipokuwa wamekaa wanafunzi wa theolojia na biashara, sasa palisimamishwa mahema ya shitingi. Kuhamisha chuo kwa sababu ya vita si jambo geni katika Afrika. Lakini pale Mudende mwanafunzi alimpisha mkimbizi kutoka ng'ambo ileile ambako baadhi ya wanafunzi walikuwa wakitoka, na kama vita visingekuja, mtoto wa mkimbizi huyo huenda angekuja hapo na sanduku la vitabu. Mwezi Agosti 1997 wapiganaji walivuka kutoka Kongo wakaua zaidi ya watu 100 kambini. Mwezi Desemba mwaka huohuo walirudi wakaua mamia. Waliosalia walihamishiwa Gihembe, karibu na mji wa Byumba kaskazini mwa Rwanda. Wengine walikuwa wamekwisha kuwekwa Kiziba, juu ya mlima wilayani Karongi, tangu mwisho wa mwaka 1996. Kutoka upande huo wa Rwanda ziwa huonekana, na ng'ambo ya maji ni Kongo.

Inafaa kusimama kidogo kwenye jambo la barua. Mwanafunzi wa kawaida ughaibuni hulalamika kwamba barua inachelewa. Huyu wa Gihembe au Kiziba hakujua aandike kwa nani, wala kama huyo wa kuandikiwa yu hai. Vyombo viwili vilimsaidia. Cha kwanza kilikuwa ujumbe wa Msalaba Mwekundu: karatasi isiyofungwa katika bahasha, yenye nafasi ya habari za jamaa tu, ambayo kila mkono inakopita unaweza kuisoma. Hapakuwa na siasa wala malalamiko. Mtu aliandika nani amefariki, nani ameolewa, nani amepata mtoto, na kwamba yeye mwenyewe yupo. Ni utanzu mfupi wa uandishi uliofundisha nidhamu ya maneno kuliko insha nyingi za darasani, na unastahili kuchunguzwa na wanafunzi wa lugha kabla karatasi hizo hazijaozea majumbani. Chombo cha pili kilikuwa redio. BBC ilianzisha mwaka 1994 matangazo ya Kinyarwanda na Kirundi yaliyoitwa Gahuzamiryango, yaani kiunganisha familia, na majina ya waliopotezana yalisomwa hewani. Redio ndogo ya betri ilikuwa simu ya jamii nzima: aliyeitwa hakuweza kujibu, ila alijua kwamba anatafutwa.

Simu ya mkononi ilikuja baadaye. Rwanda ilipata mtandao wake wa kwanza mwaka 1998, na mashariki mwa Kongo mitandao ikaenea baada ya mwaka 2000. Mwaka huo wa 2000 ndio ambao bei ya tantalamu ilipanda ghafla katika soko la dunia, maana viwanda vya elektroniki viliihitaji kwa kapasita ndogo za simu na kompyuta. Tantalamu hutoka katika koltani, na koltani huchimbwa Rubaya, katika vilima hivyohivyo vya Masisi. Madini yaliondoka Masisi kwa mifuko mabegani mwa watu, yakaenda kuwa simu, na simu zikarudi kuwasemesha waliofukuzwa huko. Si haki kumlaumu kijana anayepiga simu nyumbani; ila haielekei kwamba yuko mwanafunzi mwingine duniani ambaye chombo chake cha masomo kina uhusiano wa karibu hivyo na sababu za yeye kuwa mbali na kwao.

Ama kuhusu shule, kambi zilifuata kwa miaka mingi mtaala wa Kongo, kwa Kifaransa. Sababu ilikuwa tumaini: waliamini kwamba watarudi, na mtoto aliyerudi angehitaji cheti kinachotambuliwa upande ule. Tumaini lilipochakaa, watoto waliingizwa katika mtaala wa Rwanda, nchi ambayo mwaka 2008 iliamua kufundisha kwa Kiingereza badala ya Kifaransa. Kwa hiyo kijana mmoja angeweza kuanza shule kwa Kifaransa, kumaliza kwa Kiingereza, kusema Kinyarwanda nyumbani, na kutumia Kiswahili cha Kivu pale alipotaka kuonyesha kwamba yeye si wa hapa. Jambo hili la mwisho halina budi kuwavutia wasomi wa Kiswahili. Katika Masisi, Kiswahili kilikuwa lugha ya soko na ya kuelewana baina ya makabila, wala hakikuwa mali ya ukoo wowote. Ugenini kiligeuka alama ya utaifa. Watu waliokuwa wamekanwa Ukongo kwa sababu ya Kinyarwanda chao walijithibitishia Ukongo huo kwa Kiswahili. Rwanda yenyewe ilikifanya Kiswahili lugha rasmi mwaka 2017, lakini hicho ni Kiswahili cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, na sikio la mtu wa Goma hutambua tofauti mara moja.

Baada ya sekondari mlango ulikuwa mwembamba. Mfuko wa DAFI, ulioanzishwa mwaka 1992 kwa fedha za Ujerumani chini ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, uliwasomesha wachache. Mwaka 2015 likatokea jaribio jipya: taasisi ya Kepler ya Kigali, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Southern New Hampshire cha Marekani, ilifungua masomo ya shahada hapohapo Kiziba, kwa njia ya kompyuta na intaneti. Mwanafunzi hakuketi mtihani wa mwisho wa muhula. Alitengeneza kazi, akaituma, na msahihishaji aliyekuwa mbali akajibu ama kwamba ameumudu ujuzi uliotakiwa, ama bado. Akiambiwa bado, alirekebisha akatuma tena. Mfumo huo ulibuniwa kwa ajili ya Wamarekani wenye kazi na familia, wasio na nafasi ya kuketi darasani, na ukamfaa mkimbizi kuliko waliotarajia, kwa kuwa siku ya kambini hukatwakatwa na foleni ya maji, ya chakula na ya karatasi.

Hata hivyo kambi haikuacha kuwa kambi. Mwezi Januari 2018 mgawo wa chakula ulipunguzwa kwa asilimia 25 kwa uhaba wa fedha za wafadhili. Mwezi uliofuata wakazi wa Kiziba walishuka mlimani hadi ofisi ya wakimbizi mjini Karongi kudai haki zao, na tarehe 22 Februari polisi walifyatua risasi. Wakimbizi wasiopungua 11 walikufa. Ni vigumu kusoma habari za elimu ya kisasa kambini bila kukumbuka kwamba mwanafunzi aliyetuma kazi yake New Hampshire alikuwa akigawana sahani na wadogo zake.

Baadhi walifika ng'ambo ile nyingine, ya ndege na koti la baridi. Kuanzia mwaka 2012 uliandaliwa mpango wa kuwahamishia nchi za mbali, hasa Marekani, makumi ya maelfu ya Wakongo waliokuwa katika nchi jirani, na familia nyingi za Gihembe na Kiziba zilikwenda. Gihembe ilifungwa mwaka 2021 na waliobaki wakapelekwa Mahama, mashariki mwa nchi. Mwezi Januari 2025 Marekani ilisimamisha upokeaji wa wakimbizi, na wengine waliokuwa wamekwisha kuhojiwa wakabaki na majalada yao.

Upande wa pili, sheria ya uraia ya mwaka 2004 ilirudisha kwa maandishi haki ya makabila yaliyokuwapo nchini wakati wa uhuru. Vilima havikutulia kwa maandishi. Mwaka 2023 Karuba ilitajwa tena katika habari za mapigano ya M23. Goma ilitekwa mwishoni mwa Januari 2025, uwanja wake wa ndege ukafungwa, na mabenki yakafunga milango. Mwanafunzi aliyezoea kutuma au kupokea pesa kupitia Goma alirudi kwenye njia ya zamani: kumtafuta mtu anayevuka mpaka, akampa fedha taslimu na ujumbe wa mdomo, kisha akangoja simu ya kuthibitisha kwamba vimefika. Mahema ya wakimbizi wapya kutoka Masisi yalikuwa yamekwisha kusimamishwa Rwanda tangu mwisho wa mwaka 2022, na wengi waliolala ndani yake walikuwa wa umri wa kwenda shule.