Mkufu wa Zumaridi wa Boston

Mtu aanzaye safari yake ya miguu katika Boston Common, kati ya mji wa Boston nchini Marekani, huwa amesimama juu ya ardhi iliyowekwa kuwa mali ya watu wote tangu mwaka wa 1634, ambapo zamani wenyeji walichunga ng'ombe wao. Avukapo barabara moja huingia Public Garden, bustani ya maua iliyoanzishwa mwaka wa 1837. Kisha hufuata safu za miti ya Commonwealth Avenue, akashuka kwenye majani marefu ya Back Bay Fens, akapanda na mto mpaka ziwa la Jamaica Pond, akapita katika shamba la miti la Arnold Arboretum, na mwisho akafika Franklin Park. Mwendo wote ni kama kilometa 11. Mfululizo huu wa bustani huitwa Mkufu wa Zumaridi, na jina ni zuri. Walakini jina hilo humficha msafiri jambo moja: sehemu ya kati ya mkufu huu haikutengenezwa kwanza kwa ajili ya matembezi, bali kwa ajili ya maji machafu.

Mahali paitwapo Back Bay palikuwa ghuba ya maji haba, iliyojaa na kupwa pamoja na bahari. Mwaka wa 1821 lilikamilishwa tuta refu la kuzuia maji ili yaendeshe vinu. Tuta hilo likaifunga ghuba, na uchafu wa mji, ambao zamani ulichukuliwa na maji kupwa, ukabaki palepale ukioza juani. Tangu miaka ya 1850 garimoshi zilileta changarawe kutoka Needham kuifukia ghuba, na juu ya changarawe hiyo zikajengwa nyumba za matajiri. Lakini mito miwili, Stony Brook na Muddy River (ambao hata jina lake ni Mto wa Tope), iliendelea kumwaga uchafu na mafuriko yake nyuma ya nyumba hizo. Mwaka wa 1878 wakuu wa bustani za mji waliitisha mashindano ya ramani. Mshindi alilipwa zawadi yake, na ramani yake ikawekwa kando. Kazi akapewa Frederick Law Olmsted.

Olmsted alikuwa amekwisha kujulikana kwa Central Park ya New York, aliyoichora pamoja na Calvert Vaux. Tena wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe alikuwa katibu mkuu wa tume iliyoshughulikia usafi na afya katika kambi za askari, naye alijua vema jinsi uchafu unavyoua watu wengi kuliko risasi. Akishirikiana na mainjinia wa mji, alichora kinamasi cha maji ya chumvi chenye lango la kuongoza maji ya bahari, na kingo za majani ambazo zingeweza kufunikwa na mafuriko bila ya kuharibika. Juu zaidi, Muddy River ulichimbwa upya na kupindwapindwa, ukapandwa miti kila upande, hata leo mgeni huapa kwamba mto ule umekuwa hivyo tangu kuumbwa kwake. Kando yake ziliwekwa njia mbalimbali: ya magari ya farasi, ya wapanda farasi, na ya waendao kwa miguu, ili mmoja asimsumbue mwingine. Njia ya farasi sasa hutumiwa na wapanda baisikeli.

Kazi ya namna hii hudumu kwa muda ule tu ambao watu hukumbuka sababu yake. Mwaka wa 1910 boma jipya lilikamilishwa mdomoni mwa mto Charles, likazuia bahari isipande tena. Maji ya Fens yakawa baridi, na majani ya chumvi yakafa. Hasara hiyo pengine ilikuwa na udhuru, kwa kuwa mji ulipata faida nyingine. Bali ni vigumu kuupatia udhuru uamuzi wa miaka ya 1950, ambapo kipande cha Muddy River kilitiwa ndani ya mabomba na kufunikwa, ili wanunuzi wa duka kubwa lililokuwapo hapo wapate mahali pa kuegesha motokaa. Aliyetembea kwa miguu alikuta njia imekatika, asione mto wala mti, ila lami. Mabomba yalikuwa membamba kwa maji ya mvua kubwa. Mnamo Oktoba 1996 mto ulifurika ukaingia katika stesheni ya Kenmore, na reli ya chini ya ardhi ikajaa maji. Ndipo ikaonekana kwamba zile kingo za Olmsted hazikuwa pambo. Kazi ya kuufukua mto ilianza katika miaka ya 2010: lami ikang'olewa, maji yakaona tena jua, na njia ikaungana.

Kusini zaidi, penye Forest Hills, daraja la motokaa lililojengwa katika miaka ya 1950 lilipita juu kati ya Arnold Arboretum na Franklin Park kwa muda wa miaka 60 hivi, mpaka lilipobomolewa mwaka wa 2015. Franklin Park yenyewe, iliyo kubwa kuliko bustani zote za mkufu, ilipata taabu ya namna nyingine. Mwaka wa 1954 hospitali ya serikali ilifunguliwa juu ya sehemu ya ardhi yake. Kisha, kadiri mitaa iliyoizunguka ilivyozidi kukaliwa na watu weusi, ndivyo mji ulivyozidi kuisahau. Aliyeikumbuka ni Elma Lewis, mwalimu wa sanaa na binti wa wazazi waliotoka Barbados, ambaye mwaka wa 1966 alianzisha michezo ya kiangazi katika magofu ya jengo moja la bustani hiyo. Watu wa mitaa waliokota takataka kwa mikono yao kabla ya jukwaa kusimamishwa, na hata Duke Ellington alikuja kupiga muziki hapo. Katika vitabu vya usanifu Olmsted hutajwa katika kila ukurasa, na Elma Lewis ni nadra kutajwa. Lakini bustani isiyotembelewa na mtu haina tofauti kubwa na kiwanja kitupu.

Kuna pingili moja ambayo haikupata kuunganishwa. Ramani ya zamani ilitaka njia ya miti itoke Franklin Park, ifuate Columbia Road kupitia Dorchester, ifike baharini. Barabara ilipanuliwa mwishoni mwa karne ya 19 kwa kusudi hilo, kisha upana wake ukatwaliwa na motokaa. Msafiri aliyetoka Boston Common asubuhi akipita chini ya vivuli, afikapo pembe ya Blue Hill Avenue hulazimika kusimama na kungoja taa, na mbele yake kuna zaidi ya kilometa 3 za lami kabla ya kuiona bahari.