Unadai Kusomea Kihispania Hadi PhD? Lugha 4 za Kuongeza Kabla Utume Maombi

Wasee wa Kitengela, Isinya na Kajiado, rada ni hii. Digrii ya kwanza ya Kihispania umemaliza, sasa unadai kuendelea majuu. Vyuo vingi Marekani vinavyotoa PhD ya Kihispania huitisha lugha nyingine juu yake, angalau uweze kusoma vitabu vyake. Ukichagua vibaya unachoma chapaa na mwaka mzima. Cheki hizi kwanza:

1. Kireno
Ndiyo jirani wa karibu wa Kihispania, kwa hivyo kusoma utashika mbio. Inakufungulia Brazil, Angola na Msumbiji. Tena maneno mengine unayo tayari: meza, pera na leso tuliachiwa na Wareno, wale wale walioanza kujenga Fort Jesus kule Mombasa 1593. Noma ni matamshi. Kusoma ni rahisi, kuskiza ni kazi.

2. Kifaransa
Mwalimu si shida. Panda mathree ya tao, Alliance Française iko hapo Loita Street. Mitihani ni DELF (A1 hadi B2) na DALF (C1 na C2), na vyeti vyake haviishi muda. Kama unawazia fasihi ya Guinea ya Ikweta, kina Donato Ndongo, jua nchi hiyo ina lugha rasmi tatu: Kihispania, Kifaransa na Kireno. Hapo namba 1 na 2 zote zinakubeba.

3. Kiarabu
Waislamu walitawala sehemu za Uhispania kutoka 711 hadi 1492, na lugha ilibaki na alama. Sukari yetu na azúcar yao zimetoka Kiarabu, hata "hata" na hasta pia. Lakini inataka miaka, si miezi. Ichukue kama utafiti wako ni wa enzi hizo.

4. Kilatini
Mama wa Kihispania. Ni ya wale wa historia ya lugha na maandishi ya kale. Wengine pita.

Sasa uchague aje? Anza na mada ya utafiti, si lugha inayosound fiti. Halafu andikia idara unayolenga maswali matatu: lugha gani zinakubalika, wanataka cheti ama mtihani wao wenyewe, na je, Kiswahili ama Kimaa chako kinahesabika? Wakisema ndiyo, umeokoa karo. Uliza kabla ulipe.