Baluni juu ya Ukerewe: riwaya ya 1863 na siri ya upepo wa Ziwa Victoria

Februari 2028 itatimia miaka 200 tangu mtunzi Jules Verne azaliwe mjini Nantes, Ufaransa. Mwaka huohuo itatimia miaka 120 tangu wanasayansi wa Kijerumani waje Ziwa Victoria kuipima anga kwa baluni. Wakazi wa kandokando ya ziwa hili wanahusika na kumbukumbu zote mbili, ingawa ni wachache waliowahi kuambiwa.

Tulichofundishwa darasani ni kifupi. Agosti 3, 1858 John Hanning Speke alilifikia ziwa hapa Mwanza, akadai ndicho chanzo cha Mto Nile. Mwenzake Richard Burton, aliyebaki Kazeh, Tabora ya leo, akakataa. Waliendelea kuvutana hadi Speke alipokufa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe mwaka 1864.

Ubishi huo ukiwa bado moto, Verne alitoa riwaya yake ya kwanza ya safari za ajabu, Januari 1863, inayosimulia wiki tano ndani ya baluni. Dakta Samuel Fergusson, mwindaji Dick Kennedy na mtumishi Joe wanapaa kutoka Zanzibar. Wanapita Kazeh, wanavuka ziwa ambalo kitabu kinaliita Ukerewe, wanalala kwenye kisiwa kidogo, kisha wanaufuata mto unaotokea kaskazini. Speke alikuwa amefika mahali mto unapotokea tangu Julai 1862, lakini habari zake zilikuwa hazijafika Ulaya. Riwaya ikamtangulia.

Kitabu hicho kina doa, na lazima lisemwe. Pale Kazeh watu wanaonyeshwa wakidhani baluni ni mwezi ulioshuka na wasafiri ni wanawe. Fergusson anapelekwa kumwona mtawala mgonjwa. Mara mwezi wa kweli unachomoza, uongo unafichuka, nao wanakimbia kuokoa roho zao. Hiyo ni dharau. Wanyamwezi, wenyeji wa Kazeh, miaka ile walikuwa wakipeleka misafara ya pembe za ndovu hadi pwani na kurudi, wakijua bei na njia kuliko mzungu yeyote. Verne, aliyeandika akiwa Paris, hakuwahi kuwaona.

Hata hivyo, ndani yake mna wazo lenye uzito. Fergusson hana usukani. Anaipasha moto gesi ya baluni ili apande, anaiacha ipoe ili ashuke, na kila mara anatafuta tabaka la hewa lenye upepo unaoelekea anakotaka.

Mwaka 1908 Arthur Berson, wa kituo cha utafiti wa anga cha Lindenberg, Ujerumani, alifika ziwani kujua upepo huo wa juu ukoje hasa. Hakuwa mtu wa mezani. Mwaka 1901 yeye na Reinhard Süring walipanda kwa baluni hadi mita 10,800 katika kikapu cha wazi, wakazimia wote wawili. Safari hii ya ziwani baluni hazikubeba mtu. Zilikuwa za mpira, zikibeba vyombo vinavyojiandikia joto na mgandamizo wa hewa. Mpira hutanuka kadiri unavyopanda, hatimaye hupasuka, na vyombo hushuka ardhini.

Majibu yalishangaza. Ulaya baridi huacha kuongezeka kwenye kilomita 11 hivi. Juu ya ziwa letu iliendelea kuzidi hadi nyuzi zaidi ya 80 chini ya sifuri. Na upepo? Vumbi la volkano ya Krakatoa ya 1883 lilikuwa limeonyesha kwamba juu ya ikweta hewa hutoka mashariki. Berson akakuta pia upepo wa kutoka magharibi. Hadi leo wataalamu wanauita kwa jina lake.

Fumbo la pepo hizo mbili zinazopingana lilikaa nusu karne. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 wataalamu wa hali ya hewa Richard Reed na R. A. Ebdon, kila mmoja kwa njia yake, waligundua kwamba pepo hizo mbili hupokezana kwa mzunguko wa miezi kama 28. Mwaka 1968 Richard Lindzen na James Holton wakatoa nadharia: mawimbi ya hewa yanayopanda kutoka chini ndiyo yanayozigeuza.

Riwaya nazo zimewahi kuzaa nadharia. Mrusi Konstantin Tsiolkovsky, aliyechapisha hesabu za roketi mwaka 1903, alikiri kwamba Verne ndiye aliyempandia mbegu za kwanza. Karne hiyohiyo mwanaastronomia Carl Sagan, akiandika riwaya ya mwaka 1985, alimwomba ushauri mwanafizikia Kip Thorne, na kutokana na swali lake zikazaliwa hesabu za njia za mkato kati ya nyota, zilizochapishwa 1988.

Mwaka 2020 kampuni ya Loon ilipeleka intaneti magharibi mwa Kenya, Kisumu ikiwemo, kwa baluni zilizopanda na kushuka kutafuta upepo, sawasawa na Fergusson. Mradi ulifungwa mwaka uliofuata.

Anga ya ziwa hili bado ni suala la uhai: wavuvi wa dagaa wanapoteza maisha kwa dhoruba za usiku, lakini watoto wao wanasoma jiografia bila kusikia jina la Berson. Taarifa yake ilichapishwa kwa Kijerumani mwaka 1910. Vyuo vyetu viitafsiri kwa Kiswahili, na walimu wa Mwanza, Musoma na Bukoba waifundishe.