Mashine ya kukimbilia: kutoka jela hadi sebuleni

Ukiingia kwenye nyumba za wenye uwezo siku hizi, pembeni ya televisheni hukosi kuikuta mashine ya kukimbilia. Wengine wanaiita tredimili. Wengine, wakishaichoka, wanaanikia mataulo. Sina ugomvi na mataulo. Leo nataka tuizungumze mashine yenyewe na kule ilikotoka, maana historia yake inatisha kuliko wengi wetu tunavyodhani, na humo ndani kuna somo kwa yeyote anayetaka kuitumia bila kujiumiza.

Tuanze na jina. Ukilitafsiri lile jina lake la Kiingereza unapata "kinu cha kukanyaga". Kinu? Ndiyo, kinu cha kusagia nafaka. Tena si lugha ya picha. Kilikuwa kinu kweli, na waliokikanyaga walikuwa wafungwa.

Mwaka 1818 mhandisi mmoja Mwingereza, William Cubitt, alikuja na wazo. Baba yake alikuwa msaga nafaka, kwa hiyo vinu alivijua tangu utoto. Wakati huo wakubwa wa Uingereza walikuwa wakilalamika kwamba wafungwa wanakaa bure, jela imegeuka kijiwe. Dawa ya Cubitt ikawa gurudumu refu lililozungushiwa vidaraja, mfano wa lile la kinu cha maji. Badala ya maji, wanapangwa watu. Wafungwa wanasimama kwenye mstari, wanashika upau ulio mbele yao, wanapanda. Uzito wao unakishusha kidaraja, kinakuja kingine, wanapanda tena. Kutwa wanapanda, na hakuna wanapofika.

Mwaka 1821 gurudumu hilo lilifungwa katika jela ya Brixton, London, na magereza mengine yakafuata. Kwingine lilisaga nafaka, kwingine lilivuta maji. Na zilikuwepo jela ambako halikuzalisha kitu chochote. Liliunganishwa na pangaboi kubwa la kupiga hewa, ili tu liwe zito kulizungusha. Waingereza wenyewe waliita "kusaga upepo". Hebu fikiria, ndugu msomaji: saa 6 au zaidi kwa siku unapanda ngazi isiyo na ghorofa, na kazi yako ni kusaga upepo!

Mwaka 1822 mashine ilivuka bahari ikafika jela ya New York. Miaka miwili baadaye James Hardie aliandika kitabu kizima kuhusu historia yake, na hoja yake moja imenikaa kichwani: kinachowatisha wafungwa si uzito wa kazi, ni kule kurudiarudia kitu kilekile bila badiliko. Aliyewahi kukimbia nusu saa akiukodolea macho ukuta wa sebule yake atamwelewa Hardie mara moja.

Lakini mahali ambapo mashine hii ilionyesha sura yake mbaya kabisa ni Jamaica. Sheria ya Uingereza ya kukomesha utumwa katika makoloni ilianza kazi tarehe 1 Agosti 1834. Kwenye karatasi watumwa walikuwa huru. Kwa vitendo waligeuzwa "wanagenzi", wakalazimika kuendelea kuwafanyia kazi mabwana wale wale. Bwana hakuruhusiwa tena kuwachapa kwa mkono wake, na wanawake hawakutakiwa kuchapwa kabisa. Sasa mabwana wafanyeje? Waliwapeleka kwa hakimu, hakimu akawapeleka kwenye nyumba za adhabu, na huko kinu cha kukanyaga kilikuwa kinawasubiri.

Tunayajua haya kwa sababu kijana mmoja aliyeitwa James Williams, mmoja wa hao "wanagenzi", aliyasimulia. Mwanaharakati Joseph Sturge alimpeleka Uingereza, na simulizi yake ikachapishwa mwaka 1837. Watu walifungwa mikono kwenye upau wa juu. Aliyeishiwa nguvu au aliyekosea hatua alibaki ananing'inia kwa mikono, huku vidaraja vya gurudumu vikimpiga miguuni, zamu baada ya zamu. Na viboko vilikuwepo vilevile, hata kwa wanawake ambao sheria ilisema wasiguswe. Simulizi hiyo iliwapa nguvu waliotaka mfumo ule ufutwe, nao ulifutwa tarehe 1 Agosti 1838, miaka miwili kabla ya muda uliopangwa.

Uingereza kwenyewe kinu kiliendelea. Mwandishi Oscar Wilde, aliyehukumiwa mwaka 1895 miaka miwili na kazi ngumu, naye alikipanda. Mwaka 1898 ndipo sheria mpya ya magereza ilipokuja kukiondoa. Ilichukua miaka 80 tangu Cubitt apate wazo lake.

Sasa swali. Ilikuwaje chombo cha kutesea watu kikawa kitu ambacho mtu anakinunua kwa hela yake, anakipandisha ngazi hadi ghorofa ya tatu na kukiweka karibu na kitanda?

Jibu linapitia hospitalini. Miaka ya 1950, daktari wa moyo aitwaye Robert Bruce, wa Chuo Kikuu cha Washington kule Seattle, alikuwa na tatizo. Mgonjwa akilala kitandani moyo wake unaweza kuonekana mzima kabisa. Taabu inajitokeza akipanda ngazi au akikimbilia basi. Bruce, akishirikiana na fundi Wayne Quinton aliyetengeneza mashine yenye mota, akamtembeza mgonjwa juu ya mkanda huku nyaya zikisoma moyo wake. Utaratibu uliochapishwa mwaka 1963 unatumika hospitalini hadi leo. Unaanza na mwendo wa kilomita 2.7 kwa saa, yaani mwendo wa mtu anayechagua nyanya sokoni, ila kwenye mwinuko wa asilimia 10. Kila baada ya dakika 3 mwendo na mwinuko vinaongezwa. Mgonjwa akisikia maumivu ya kifua, akipata kizunguzungu au akichoka, kazi inasimama.

Nikazie hapo: inasimama. Jela, mtu alipanda hadi askari aseme basi. Kwa Bruce, mwili wa mtu ndio unaosema basi, na kuna mtaalamu pembeni wa kuusikiliza. Kwa maoni yangu hapo ndipo adhabu na tiba zilipoachana. Kukanyaga ni kulekule. Kilichohama ni haki ya kusimamisha mashine.

Kuingia majumbani kulikuja baada ya hapo. Mwaka 1968 Kenneth Cooper, daktari wa jeshi la anga la Marekani, alitoa kitabu kiitwacho Aerobics, akiwahimiza watu wa kawaida wakimbie, watembee na waogelee kwa ajili ya moyo. Mhandisi William Staub alikisoma, akaona hakuna mashine ya bei nafuu ya kukimbilia nyumbani, akatengeneza ya kwake na kuiita PaceMaster 600. Staub alifariki mwaka 2012 akiwa na miaka 96. Sitasema mashine ndiyo iliyomfikisha huko, lakini si tangazo baya la biashara.

Nimeyachimba haya yote kwa sababu ya mjomba wangu. Amepita miaka 60, ana presha, na watoto wake wamemletea mashine mpya kabisa. Akanipigia simu: "Mwanangu, wewe ni mwandishi, unajua kuulizauliza. Nikimbie kilomita ngapi kwa siku?" Nikamjibu, "Shikamoo mjomba. Kwanza daktari, kilomita baadaye." Hakufurahi. Alitaka namba.

Namba zipo, ila nazo zina historia yake. Mashine nyingi zina kibandiko kinachosema toa umri wako kwenye 220 upate kiwango cha juu cha mapigo ya moyo wako. Hesabu hiyo ilienea kuanzia mwaka 1971 kupitia maandishi ya Samuel Fox na wenzake, na haikutokana na utafiti uliofanywa mahsusi kuitafuta. Ni makadirio. Watu wawili wa umri mmoja wanaweza kupishana mapigo 10, hata 20. Tena baadhi ya dawa za presha, kama atenolol, hupunguza kasi ya moyo, kwa hiyo mtu anaweza kuwa anajiua huku mashine ikimwambia hajaanza. Kipimo ambacho mjomba hawezi kukosea ni mdomo wake: ukiweza kuongea sentensi nzima lakini huwezi kuimba, mwendo huo ni wa kutosha. Ukishindwa kumaliza sentensi, punguza.

Alipotoka kwa daktari na ruhusa yake, tulipanga hivi. Wiki mbili za mwanzo, kutembea tu, dakika 15, siku nne kwa wiki. Katika hizo, dakika 5 za mwanzo ni za polepole ili mwili upate moto, na dakika 5 za mwisho ni za polepole ili moyo utulie. Kushuka ghafla kunaleta kizunguzungu. Baada ya hapo ongeza muda, kisha mwendo, kisha mwinuko, kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ule mwinuko wa Dkt. Bruce wa asilimia 10 tumewaachia wenye nyaya na daktari pembeni. Shabaha ni kufikia dakika 150 kwa wiki za mwendo wa wastani, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani lilikirudia katika mwongozo wake wa mwaka 2020. Hakuna haraka ya kufika huko. Maumivu ya kifua, kukosa pumzi kusiko kwa kawaida au kuona giza: unasimama na unakwenda hospitali, huendi kupumzika kidogo uendelee.

Na mashine yenyewe? Isielekezwe mgongo kwenye ukuta. Iachie nafasi kama mita 2 nyuma, maana ukianguka mkanda unakutupa huko. Usipande wala kushuka mkanda ukiwa unakwenda. Vaa viatu. Anza ukiwa umesimama pembeni na mkono kwenye kishikio. Na kwa kuwa tunaishi tunapoishi, jua kwamba umeme ukikatika mkanda unaweza kusimama ghafla wakati miguu yako bado inakwenda. Hiyo peke yake ni sababu tosha ya mtu wa umri wa mjomba kutembea, asikimbie.

Watoto nao wana sura yao katika historia hii. Mwaka 2021 kampuni ya Peloton ya Marekani iliagiza mashine zake za aina ya Tread+, zipatazo 125,000, zirudishwe, baada ya mtoto mmoja kufariki na taarifa nyingine nyingi za watu na vitu kuvutwa chini ya mkanda. Mashine ikiwa haitumiki, chomoa waya, na ufunguo wake uwe mahali mtoto hafiki.

Nimebakiza kitu kimoja, kile ambacho watu wengi wanakitupa kwenye droo siku ya kwanza. Ni kile kikamba chekundu chenye kibanio. Ncha moja iko kwenye mashine, nyingine unaibana kwenye nguo. Ukiteleza au ukirudi nyuma mno, kinachomoka na mkanda unasimama. Yule mfungwa wa Brixton hakuwa nacho. Wale wanawake wa Jamaica waliofungwa mikono kwenye upau hawakuwa nacho. Kamba waliyokuwa nayo wao ilikuwa ya kuwazuia wasishuke.

Kwa hiyo, ndugu zangu wenye mashine sebuleni, ondoeni mataulo na mkafungue ile droo. Halafu mnipigieni salamu kwa mjomba: juzi ametimiza dakika 20, na bado ananiuliza kilomita.